Spika Hajui

Jumatatu, 5 Februari 2024

Leo nimejiunga Twita. Wameibadilisha jina, siku hizi inaitwa kwa herufi moja tu, lakini Demetria anasema watu bado wanaita Twita. Basi na mie naita Twita.

Chanzo ni zahanati. Kila tukikaa kunywa chai, huyu Demetria wa maabara anacheka peke yake na simu. Anacheka mpaka anafuta machozi. Nikimuuliza kuna nini, anasema, "Sista, hata nikikwambia hutaelewa, mpaka uwemo." Mpaka uwemo! Kama chama cha siri. Nimechoma watu sindano kabla hajazaliwa, leo ananiambia sitaelewa.

Nikampa simu. Akanifungulia. Tukabishana jina. Mie nilitaka Sesilia, jina langu la ubatizo, nimwogope nani? Akasema wagonjwa watanitafuta humo kuulizia majibu ya mkojo. Akaniandika "Nesi Mpole". Halafu akacheka tena. Nadhani kwa huo upole. Kwenye picha kaweka ua.

Kasimiri sijamwambia. Ataniangalia, atasema "Ee", basi. Mume wangu huyu akisema maneno kumi kwa siku, ujue kuna msiba au kuna friji imelipuka huko karakana kwake.

Jumanne, 6 Februari

Nimeandika posti yangu ya kwanza. "Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mie mgeni humu, naomba mnipokee."

Kimya. Tangu asubuhi mpaka natoka kazini, shikamoo haijaitikiwa hata na mmoja! Nchi imeharibika.

Demetria anasema sina wafuasi, kwa hiyo nimesalimia chumba kitupu. Si angesema mapema?

Alhamisi, 8 Februari

Aibu! Aibu aibu aibu.

Kuna kijana kaandika, "Jamani nimekufa," na visura vitatu vinatoa machozi. Nikamhurumia. Nikamwandikia: "Pole sana mwanangu, Mungu akutie nguvu. Kama ni homa usimeze dawa kabla hujapima. Na kunywa maji."

Kumbe "nimekufa" ni kwamba amecheka sana. Na vile visura vinavyolia, vinalia kwa kicheko! Watu wakaja kama nzi kwenye embe. Mmoja kasema huyu mama tumlinde. Mwingine kaniuliza, "Samahani, wewe ni bot?" Neno silijui, nikadhani ni dhehebu. Nikajibu, "Hapana, mie ni Mkatoliki."

Demetria alikaa chini kabisa, sakafuni, na koti lake jeupe. Alipopata pumzi akanieleza bot ni mashine inayojifanya mtu.

Lakini sasa nina wafuasi! Wengi kuliko Jumuiya yetu ya Mtakatifu Yuda na watoto wake.

Jumapili, 11 Februari

Mambo niliyojifunza mpaka sasa, na kila moja kwa kuaibika.

Moyo haubonyezwi ovyo. Mie nilikuwa nabonyeza kila posti, kwa adabu tu, kama unavyoitikia salamu. Bwana mmoja wa Kiwalani akadhani nimempenda, kaja inboksi: "Mambo mrembo." Nikamjibu umri wangu na kwamba huo urembo aliouona ni wa ua. Katoweka.

Halafu wanakupimia herufi. Mie hata kumuaga mgeni getini sitoshekagi na herufi hizo! Nilitaka kueleza habari ya chumvi na presha, kimashine kikanikatalia kwenye "kwa hiyo basi". Nikapunguza, nikapunguza, ikabaki: "Punguza chumvi." Kumbe ndilo nililotaka kusema tangu mwanzo. Imenitia mawazo kidogo.

Na leo nimemjua yule anayemchekesha Demetria. Anajiita Fundi Ubaridi. Anaandika habari za friji na za mkewe. Huyo mkewe kampa jina la Spika, kwa sababu ndiye mwenye kuruhusu mtu aongee, na kwa sababu anasikika mpaka nyumba ya jirani. Hii ya leo: "Spika ameleta muswada wa kupaka rangi jiko. Waliosema ndiyo wameshinda. Aliyepiga kura ni Spika peke yake."

Nimecheka nikiwa naosha mboga. Kasimiri kainua kichwa kuniangalia, kakirudisha kwenye simu yake. Yeye na mpira wake! Saa nzima anasoma habari za mpira, hata hatabasamu.

Jumatano, 14 Februari

Jumatano ya Majivu na Valentine siku moja. Sie wengine tumefunga.

Fundi Ubaridi: "Leo Spika ametangaza mfungo wa nyama, soda na maneno matamu. Hilo la mwisho halina shida, ghala lilikuwa tupu."

Watu wamekufa (nimeshajua kulitumia). Ila mie nilimwonea huruma huyo mama. Nikaandika: "Na wewe baba, siku moja moja mwambie mkeo neno zuri."

Akanijibu! Fundi Ubaridi mwenyewe! "Nesi, bungeni huongei mpaka usimamishwe na Spika. Mie tangu nioe nimekaa."

Wamecheka watu sijui wangapi. Mie pia. Nilitaka kumsimulia Kasimiri wakati wa kula, nikaona nitaanzia wapi, mpaka nimweleze Twita ni nini, posti ni nini. Masikini. Dunia inampita.

Jumamosi, 17 Februari

Naandika kwa hasira. Ngoja niende kwa mpangilio.

Asubuhi Kasimiri kavunja kikombe tena. Kile cha maua, cha seti ya harusi ya binti yetu Noela. Nikamwambia, "Baba Noela, vikombe vinaisha humu ndani, nitakununulia cha plastiki cha chekechea." Akasema "Ee", akaokota vipande, akaenda karakana. Na mie kazini.

Saa ya chai Demetria akapiga kelele. "Sista, Sista, soma!" Nikavaa miwani. Fundi Ubaridi: "Spika amepitisha azimio. Kuanzia leo mjumbe atanywa chai kwenye kikombe cha plastiki cha chekechea. Mjumbe ameunga mkono."

Nikacheka. Halafu kicheko kikanigomea katikati.

Cha plastiki cha chekechea.

Rangi ya jiko. Karakana ya friji. Mfungo wa soda — mie ndiye niliyesema soda!

Demetria ananiuliza, "Sista, mbona umebadilika, presha?" Nikamwambia ni maandazi.

Spika ni mimi. Mimi, Sesilia! Kasimiri, mtu wa "Ee", ana wafuasi elfu arobaini na ushee, na wote hao wanajua naficha sukari kwenye kabati la nguo. Wanajua nagombana na jogoo wa jirani kwa jina. Wanajua naongea usingizini. Miaka yote nalalamika huyu mwanaume hana maneno, kumbe anayo, anayapeleka sokoni!

Na mie nikambonyezea moyo. Kila moja!

Jumapili, 18 Februari

Nimeamua kunyamaza. Tangu jana jioni sijasema kitu. Kanisani nimeimba tu. Mchana nimepakua chakula, nimekaa.

Kasimiri kakoroga wali, kakoroga. Mwisho akauliza, "Unaumwa?"

Nikatikisa kichwa.

Baada ya kula akatoka uani na simu. Mie nikaingia chooni na yangu. "Spika amenyamaza tangu jana. Wananchi, wekeni akiba ya maji na chakula. Hii si hali ya kawaida."

Nilifungua bomba ili asinisikie nikicheka. Nimemkasirikia, kweli nimemkasirikia, na nacheka. Nikalaani maji yanayopotea, nikafunga, nikafungua tena.

Jumanne, 20 Februari

Nimemsoma kurudi nyuma. Demetria alinionyesha namna ya kuchimba posti za zamani. Sikumwambia kwa nini. Nilidhani nitakusanya ushahidi, halafu nimwite Noela kwa simu kutoka Mtwara ashuhudie baba yake alivyo.

Nikafika mwaka juzi, Septemba. Nilipofanyiwa operesheni.

"Spika yuko chumba cha upasuaji. Nimekaa benchi. Mwenye kujua kuomba aniombee, mie maneno yameisha."

Chini yake watu. Wengi, wengi. Mmoja kamsomea dua. Mwingine kasema amewasha mshumaa Songea. Mwingine kasema tu, "Fundi, tupo." Watu wasiomjua! Halafu baadaye, mchana huo huo: "Ametoka. Ameuliza kama nimefunga geti. Amepona."

Nakumbuka nilivyozinduka. Alikuwa amesimama miguuni kwa kitanda kama mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Hakusema hata pole. Mwaka mzima nimemlalamikia Noela, baba yako hata pole hakuniambia.

Leo nimepika samaki wa nazi. Akaniangalia kwa wasiwasi. Nikamwambia kula, si sikukuu, ni samaki tu. Akala akamaliza. Bado sijasema chochote kuhusu Twita, lakini sinyamazi tena. Jogoo wa jirani nimemtukana kama kawaida, na nikaona mabega ya Kasimiri yameshuka kwa raha.

Ijumaa, 23 Februari

Fundi Ubaridi, leo mchana:

"Mkono wa kulia umeanza kugoma. Bisibisi inacheza yenyewe. Leo kazi ya kuchomea bomba nimemwachia mwenzangu, nikasingizia macho. Spika hajui. Msimwambie."

Hakuna mzaha. Nilisubiri mzaha uje mwishoni, haukuja.

Nilikuwa nafunga kidonda cha mteja. Nikamaliza, nikanawa, nikakaa.

Vikombe. Kumbe ndiyo maana vinavunjika. Na vifungo vya shati, anavyochelewa siku hizi mpaka namwita bibi harusi. Na anapotembea kwenda misa, mkono mmoja unapepea na mwingine umebaki umening'inia kama si wake. Mie nesi! Wagonjwa wa watu nawatambua wakiwa bado mlangoni. Huyu nimelala naye kitanda kimoja, nimeona kikombe tu.

Majina ya magonjwa yanayoanza hivyo nayajua. Siyaandiki hapa. Inaweza kuwa jambo dogo pia, mshipa, uchovu, dawa fulani. Ndivyo ninavyowaambia watu wengine.

Nikimwambia najua, atajua nimeingia chumba chake. Na atafunga mlango. Namjua. Akifunga huyo, hakuna ufunguo.

Jumapili, 25 Februari

Nimemwandikia inboksi. Nesi Mpole, si mimi.

Alikuwa sebuleni. Mie jikoni, maharage motoni. Ukuta mmoja katikati.

Niliuliza: "Fundi, mkono unacheza ukiupumzisha au ukishika kitu?"

Nikasikia simu yake inalia upande wa pili. Kochi likalalamika, amegeuka.

"Ukipumzika. Nikishika kitu unatulia, halafu unasahau umeshika."

Nikamuuliza tangu lini, na mguu je, na usingizi. Alinijibu yote! Sentensi nzima nzima! Mwanaume huyu ukimuuliza ugali au wali anasema "Sawa." Nikamwandikia kwamba aende hospitali kubwa, aombe daktari wa mishipa ya fahamu, asiogope, yako mambo mengi yanayofanya hivyo na mengi yana dawa. Na mwambie mkeo, nikaandika.

Akachelewa sana kujibu. Nikasikia harufu.

"Siwezi Nesi. Akijua ataanza kunihudumia. Mie nataka aendelee kunigombeza."

Maharage yameungua yote. Akaja mlangoni kwa ule moshi, akasimama. Nikamgombeza. Kwa nini umekaa huko na nyumba inaungua, pua unayo ya kazi gani! Nililia pia, lakini moshi ulikuwepo, kwa hiyo haikuonekana.

Jumatano, 28 Februari

Fundi haendi. Kila siku ana sababu. Mvua. Mteja wa Temeke mwenye friji ya samaki. Jana kaandika, "Hospitali zetu foleni mtu anakaa mpaka anapona mwenyewe."

Nikajibu, "Nesi hachekeshwi. Taja siku."

"Nesi wewe mpole kweli?"

"Taja siku."

"Jumatatu."

Jioni, huku anavua viatu, akasema kwa sauti ya mtu aliyefanya mazoezi: "Jumatatu naenda Kariakoo. Gesi ya friji."

Nikasema, "Ee."

Akaacha kiatu kimoja mguuni, akaniangalia. Mie nikaendelea kukunja nguo. Nadhani ni mara ya kwanza katika ndoa hii kumjibu hivyo. Lina raha yake, hilo neno. Linabeba vitu vingi.

Ijumaa, 1 Machi

Nimemuuliza Demetria, kwa mzunguko: je, mtu wa humo anaweza kujua mie ni nani?

"Kwa jina, hapana," akasema. "Ila Sista, kila posti yako unamalizia na kunywa maji. Sasa mtu anayekujua si atakujua?"

Sikuwa nimeona! Nimefungua, nimesoma. Kweli. Chumvi — kunywa maji. Mafua — kunywa maji. Hata yule kijana aliyekufa. Na kwa Fundi, inboksi, mara zote. Na nyumbani kila asubuhi Kasimiri akitoka getini...

Lakini mwanaume hasikilizi vitu hivyo. Hasikilizi. Angesikiliza, angekunywa.

Kesho nitaomba ruhusa ya Jumatatu.

Jumatatu, 4 Machi

Naandika hapa hapa hospitali, kwenye kidaftari changu cha mkobani. Sijawahi kuandika nikiwa nje ya nyumba.

Asubuhi Kasimiri kavaa shati la kanisani. Kwenda kubeba mtungi wa gesi! Sikusema kitu. Kifungo cha pili kakiruka, shati limekaa upande. Mkono wangu ukataka kwenda wenyewe, nikaurudisha kwenye sinia la mchele. Akaniaga kwa kichwa, akatoka. Na mie nikavaa, nikatoka nyuma yake.

Nimemkuta kwenye korido, kwa daktari wa mishipa ya fahamu, benchi la mbele. Mie nimekaa benchi la nyuma kabisa, pembeni ya mama mwenye kitenge cha bluu ambaye ameshaniuliza naumwa nini. Nimemwambia nasubiri mtu.

Namwona mgongo, na kidogo kwa ubavuni. Kumbe amekonda shingo. Mkono wa kulia ameulaza pajani na wa kushoto ameuweka juu yake, kama anavyozuia karatasi isipeperuke. Bahasha yake na kofia ameviweka kwenye benchi ubavuni.

Simu:

"Nesi nimefika. Nimekaa kwa adabu, nimevaa shati la misa, daktari aone amepata mtu."

"Umefanya vizuri Fundi."

"Naogopa."

Neno hilo. Namjua tangu tuko vijana Masasi, sijawahi kulisikia kwake. Mama wa kitenge akaniuliza, "Vipi, habari mbaya?" Nikamwambia hapana.

Niliandika mengi. Nikafuta. Niliandika Mungu yupo, nikafuta, anajua. Niliandika mimi ni nani, jina lote na la ubini, nikafuta. Niliandika maelezo marefu, tangu kicheko cha Demetria, nikafuta yote. Mwisho nikabakiza haya:

"Kifungo cha pili umekiruka."

Nikatuma kabla sijafikiri.

Nimeona simu yake inawaka. Ameisogeza karibu, ameisoma. Ameinamisha kichwa kutazama kifua chake. Amekaa hivyo. Mkono wa juu umeachia, na ule wa chini unacheza wazi pajani, wala hauzuii.

Hajageuka. Nilidhani atageuka. Masikio yamemsimama, hilo naliona hata kutoka huku.

Sasa amechukua bahasha, ameiweka mapajani. Amechukua kofia. Amesogea kuelekea ukutani, taratibu, akasogea tena kidogo. Hageuki huyu mtu! Lakini pembeni yake sasa pako wazi, nafasi ya mtu mmoja, na si mtu mwembamba.

Nesi wa hapa ametoka na mafaili, anaita namba. Siyo yake bado. Mama wa kitenge ananigusa bega, ananionyesha kwa kidevu, mama si ukakae pale mbele, pana nafasi. Ngoja nitie kalamu mkobani, nikakae.